Vipuri vya Fundi Saa: Hotuba ya Mwenyekiti Katika Sherehe ya Kutimiza Miaka Kumi



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wapo wenzetu tulioanza nao ambao leo hatunao, na tunawaombea. Tunawashukuru pia waume zetu, ambao mwanzoni baadhi yao waliuliza hiki kikundi ni cha nini, na leo ndio wanaotukumbusha kwamba ni siku ya kununua hisa.

Mahesabu ya miaka kumi mmekwisha yasikia kwa mweka hazina wetu, na yamebandikwa pale ukutani, kila mtu aende akaangalie. Sisi hatutayarudia. Kamati ilipokaa kupanga sherehe hii ilikubaliana kwamba mwenyekiti aseme jambo moja tu ambalo kikundi kimejifunza, ili mtu akitoka hapa aondoke na kitu zaidi ya pilau. Tukajiuliza tuseme lipi. Wengine wakasema ufugaji wa kuku, wengine mashine ya kukamua alizeti. Mwisho tukakubaliana wote tuseme habari ya vipuri vya saa.

Tunaona wengine mnacheka. Wauza vitumbua na vipuri vya saa wapi na wapi? Subirini kidogo.

Mwenzetu mmoja, mwanachama tangu siku ya kwanza, alifiwa na mumewe katika mwaka wa sita wa kikundi chetu. Marehemu alikuwa fundi saa hapa hapa Tanga, na wengi wenu mlipeleka saa kwake. Mnakikumbuka kile kimeza chake cha kioo pale barazani, na kile kioo cha kubana jichoni. Alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwenzetu ametupa ruhusa kusema habari hii, ila ametuomba tusitaje jina lake wala la marehemu, na tumeheshimu.

Ili mwelewe aliacha nini, lazima turudi nyuma kidogo. Vijana wa siku hizi wanaangalia saa kwenye simu. Lakini zamani mfanyakazi wa reli, wa bandari, wa shamba la mkonge, karani na mwalimu, hao wote maisha yao yalikwenda kwa saa ya mkononi. Na zilikuwa saa za kutia ufunguo, au zile zinazojitia zenyewe kwa mtikiso wa mkono. Seiko, Citizen, Oris, Roamer, majina hayo wazee wetu wanayajua. Ndani ya saa hizo hamna betri. Kuna kamani iliyokunjwa, ikijikunjua inasukuma magurudumu ya meno, na kuna gurudumu dogo linalocheza huku na huku kupima mwendo. Kila baada ya miaka michache saa ya namna hiyo inataka kufunguliwa, isafishwe, itiwe mafuta. Kwa hiyo fundi alikuwa na kazi, na alinunua vipuri kidogo kidogo kila alipopata.

Kisha zikaja saa za betri. Ya kwanza ya mkononi ya kwatzi iliuzwa Japani na kampuni ya Seiko tarehe 25 Desemba 1969, na bei yake wakati ule ilikaribia bei ya gari dogo. Lakini haikupita miaka mingi zikawa rahisi, hata mtoto wa shule akavaa. Huko Uswisi, ambako saa ndiyo kazi yao kubwa, watu kama 90,000 walikuwa wakifanya kazi kwenye viwanda vya saa mwaka 1970. Kufika katikati ya miaka ya 1980 hawakufika hata 40,000. Viwanda vingi vilifungwa, vingine vikaunganishwa.

Sasa mtu atasema, basi vipuri vya saa za zamani ni takataka. Hebu fikirini vizuri. Kiwanda kikifungwa, kipuri chake hakitengenezwi tena. Lakini saa zenyewe bado zipo mikononi mwa watu. Wapo wanaozipenda, wapo waliorithi ya baba na wanataka iendelee kutembea. Tena baadhi ya makampuni makubwa ambayo hayajafungwa hayamuuzii vipuri fundi wa barazani, yanawapa mafundi wao tu. Kwa hiyo kijiti chembamba kikivunjika leo, fundi hakipati dukani. Anakipata kwa fundi mzee aliyekinunua miaka ile akakitia kwenye bahasha. Na huyo mzee ndiye marehemu wetu.

Mwenzetu akiwa bado ndani ya eda, mwezi wa pili hivi, alikuja mtu mmoja pamoja na shemeji yake. Akasema amesikia kuna vyuma vya saa, yeye ananunua vyote kwa pamoja, kibanda kizima na droo zake, kwa shilingi 150,000, na fedha anazo mfukoni. Wakati huo huo mwenye kibanda alikuwa anadai kodi ya nyuma shilingi 120,000, na alishatoa wiki mbili, zikipita vitu anavitoa nje. Ndani ya nyumba kuna watoto watatu, na biashara ya vitumbua imesimama kwa ajili ya eda. Jamani, mtu aliyebanwa hivyo akiona 150,000 mbele yake, anaona nini? Anaona kodi imelipwa na unga umenunuliwa. Hatumlaumu yeyote ambaye angeipokea.

Mwenzetu akamwambia shemeji yake, "Shemeji, naomba siku tatu." Akamtuma binti yake kwetu usiku ule ule.

Kamati tulikaa, na hatutawaficha, hatukukubaliana mara moja. Wapo waliosema mfuko wa jamii ni wa ugonjwa na msiba, si wa kodi ya kibanda. Wengine wakasema msiba hauishi siku ya kuzika, huu ndio msiba wenyewe unaendelea. Tulibishana mpaka saa nne usiku. Mwisho tukapiga kura, na wengi wakakubali. Tukamkopesha mwenzetu shilingi 180,000 kutoka mfuko wa jamii, ambao kama mnavyojua hauna riba. Shilingi 120,000 zililipa kodi, na 60,000 zikawa za chakula cha nyumbani. Katibu wetu alikwenda mwenyewe kwa mwenye kibanda, akalipa, akapewa stakabadhi.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunapenda kulisisitiza hili. Fedha ile haikununua kitu chochote cha kuonekana. Ilimpa mwenzetu nafasi ya kungoja. Maskini huuza vitu vyake kwa bei ya chini si kwa sababu hana akili ya biashara. Anauza hivyo kwa sababu mnunuzi anaweza kusubiri na yeye hawezi. Akiba ndiyo inayomfanya na yeye aweze kusubiri. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, lakini mtu mwenye njaa utamwambiaje asiwe na haraka? Mpe kwanza cha kumtuliza, ndipo umwambie.

Baada ya hapo kazi ikaanza, na tutaieleza hatua kwa hatua, kwa sababu kesho inaweza kuwa zamu ya mwingine hapa, na vitu si lazima viwe vya saa. Vinaweza kuwa vyombo vya seremala, mashine za cherehani, au nyavu.

Hatua ya kwanza ilikuwa kujua ni mali ya nani. Mali ya marehemu si ya mjane peke yake, si ya shemeji, wala si ya kikundi. Ni ya warithi wote, na kabla ya kugawanywa lazima madeni ya marehemu yalipwe. Tulihamisha vitu vyote kutoka kibandani kwenda nyumbani mbele ya mashahidi, droo zikafungwa kwa kitambaa na lakiri. Eda ilipokwisha, yaani miezi minne na siku kumi, familia ilifanya kikao, ikaandika muhtasari, ikampendekeza mwenzetu awe msimamizi wa mirathi. Akachukua muhtasari huo na cheti cha kifo, akaenda Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ikatangaza, haikupata pingamizi, ikamteua. Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuuza, na ndiye aliyekuwa na wajibu wa kutoa hesabu. Mnunuzi wa kwanza alirudi mara mbili. Alijibiwa asubiri karatasi ya mahakama. Akina mama, karatasi hiyo ina nguvu kuliko kelele kumi. Msiiogope mahakama.

Hatua ya pili ilikuwa kutenga amana. Hapa wengi wanapita bila kutazama. Ndani ya droo zile kulikuwa na saa nzima 31 zenye vikaratasi vya majina. Hizo hazikuwa za marehemu, zilikuwa za wateja waliozileta kutengenezwa. Mrithi hawezi kurithi kitu cha mtu mwingine. Tuliziandika zote, tukaomba itangazwe msikitini, kanisani na ofisi ya mtaa. Watu 19 walikuja na kuzitambua saa zao, wakasaini. Baadhi yao walilipa hata ufundi ambao marehemu alikuwa amekwisha ufanya. Zilizobaki 12 hazikuuzwa. Zimefungwa, zimeandikwa, na ofisi ya mtaa inajua zilipo. Kama kuna mtu hapa aliyepeleka saa kwa marehemu na hajaja kuichukua, aje amwone katibu na kikaratasi chake.

Hatua ya tatu ilikuwa kuchambua vipuri. Hapo tulimwita kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa marehemu, tukamlipa posho ya kila siku. Tukakaa naye mkekani, wanawake sita, kwa siku nane. Sharti letu la kwanza lilikuwa hili, kwamba hakuna kumwaga kitu wala kuchanganya kitu. Kila bahasha ifunguliwe juu ya sahani nyeupe, isomwe, iandikwe, irudishwe.

Tuliona maajabu. Marehemu alikuwa na bahasha ndogo zaidi ya mia sita, na karibu kila moja ina namba. Sisi tulidhani ni namba za bei. Kumbe ni majina. Kijana alitueleza hivi. Jina lililoandikwa usoni mwa saa si jambo kubwa kwa fundi, jambo kubwa ni namba ya mashine ya ndani. Kwa saa za Seiko, namba hiyo imechorwa kwenye kifuniko cha nyuma, zile tarakimu nne za mwanzo. Kwa mfano 7009, hiyo ni mashine moja iliyoingia kwenye saa nyingi zenye nyuso tofauti. Kwa saa nyingi za Uswisi inabidi ufungue, na chini ya lile gurudumu linalocheza utakuta alama ndogo ya mtengenezaji na namba. AS 1130, FHF 96, Unitas 6497, mambo kama hayo. Kiwanda kimoja kilitengeneza mashine, na makampuni mengi yakazinunua na kuzitia majina yao. Kwa hiyo bahasha moja yenye namba ya mashine inaweza kufufua saa za majina kumi.

Halafu kuna namba ya pili, ya kipuri chenyewe. Waswisi waliweka utaratibu kwamba 401 ni kile kijiti cha kutilia ufunguo, 705 ni gurudumu linaloshikwa na kuachiwa, 723 ni ekseli ya gurudumu linalocheza, na 770 ni kamani. Kwa hiyo bahasha iliyoandikwa AS 1130 na 723, fundi yeyote wa Mombasa au wa Ulaya anajua ndani kuna nini hata kabla hajaifungua.

Sasa basi, hapo ndipo ilipokuwa thamani yote. Kipuri kisicho na namba ni kijichuma kidogo kuliko punje ya mchele, huwezi kujua kinaingia wapi, na hakuna atakayekulipa. Kipuri kile kile ndani ya bahasha yenye namba kina mteja. Angekuja mtu akamwaga bahasha zote kwenye ndoo ili apime kilo, basi kazi ya miaka arobaini ingekufa kwa dakika moja, na vyuma vingekuwa vile vile. Tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa tunaisema kwa mdomo tu, siku ile tuliiona kwa macho.

Kuna mambo mengine matatu tuliyoyaona katika kuchambua, na ni vizuri myajue.

La kwanza ni dhahabu. Mnunuzi alikuwa anauliza sana habari ya makasha ya njano. Kijana akatuonyesha tusome maandishi yaliyochorwa. Ikiandikwa 18K au 0.750 na hakuna neno lingine, hiyo ni dhahabu, sehemu tatu katika nne. Lakini ikiandikwa mikroni 10 au 20, hiyo ni ngozi nyembamba tu ya dhahabu iliyopakwa juu ya madini mengine. Tulikuta makasha 40 ya kupakwa, na moja tu la dhahabu. Hilo moja lilipimwa kwa sonara wawili tofauti kabla ya kuuzwa.

La pili ni kutu. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu. Vipuri vya chuma vilivyokuwa kwenye kopo lisilo na kifuniko vilikuwa vimekwisha, lakini vilivyokuwa kwenye karatasi ya mafuta na chupa iliyofungwa viling'aa kama vipya. Pia tuliambiwa tusiviweke karibu na spika ya redio, kwa sababu sumaku inaharibu uzi mwembamba ulio kwenye gurudumu linalocheza.

La tatu ni hatari, sikilizeni vizuri. Baadhi ya nyuso na akrabu za saa za zamani, hasa kabla ya miaka ya 1970, zilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye kitu kinachoitwa radiamu. Mwalimu mmoja wa sayansi ambaye ni rafiki wa kikundi alitueleza kwamba rangi ile ikiacha kung'aa haina maana hatari imekwisha. Nguvu ya radiamu hupungua nusu tu baada ya miaka kama 1,600. Hatari kubwa ni vumbi lake, mtu akilikwangua akalivuta au akalila. Kwa hiyo zile zenye rangi iliyopauka na kupukutika hatukuzikwangua wala kuzipangusa. Tulizitia kwenye mifuko, tukaifunga ndani ya bati, tukaandika juu, na haziuzwi. Watoto hawakuruhusiwa kukaa karibu na mkeka. Vivyo hivyo betri ndogo za saa, zile za duara. Mtoto akimeza, inaweza kumuunguza koo kwa muda wa saa chache tu. Msingoje asubuhi, kimbieni hospitali saa ile ile.

Hatua ya nne ndiyo kuuza. Hapa tulijiwekea masharti, na mwenzetu akayakubali kama msimamizi.

Sharti moja, tusitaje bei ya kitu kabla hatujaulizia kwa mafundi wawili wasiojuana. Yule kijana wetu ni mwaminifu, lakini vifaa vya kazi alivitaka yeye mwenyewe, kwa hiyo bei ya vifaa ilipangwa na fundi mwingine mzee. Kijana hakuona ubaya, alisema hata yeye anapenda iwe hivyo, mtu asije kusema amemdhulumu mama yake.

Sharti la pili, kuuza kwa fungu. Bahasha zote za mashine moja zinakwenda pamoja. Wanunuzi wengi walitaka waruhusiwe kuchagua. Mnunuzi ukimruhusu achague, anaondoka na nazi anakuachia makumbi. Fungu lina vizuri na visivyo vizuri, na bei yake ni ya fungu.

Sharti la tatu, fedha kwanza. Mtoto wa mwanachama mwenzetu alipiga picha za bahasha kwa simu, na orodha ya namba ikanakiliwa safi. Ikapelekwa kwa mafundi saa wa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa. Aliyetaka alituma fedha, tukahakikisha zimeingia, ndipo mzigo ukapelekwa posta au kwa basi. Wawili walitaka watumiwe kwanza walipe baadaye. Tuliwajibu kwa heshima kwamba hiyo ni mali ya mirathi, na hatuna ruhusa ya kuikopesha.

Sharti la nne, kila mauzo yaandikwe siku ile ile, tarehe, fungu, mnunuzi na kiasi, na warithi wote waone daftari kila mwisho wa mwezi. Shemeji pia alikaribishwa kuliona, na alikuja. Alipoona ukurasa wa tatu alinyamaza, akasema, "Shemeji, mlifanya vizuri kusubiri." Hatukumwambia neno. Tulimpa chai.

Fungu la Seiko ndilo lililotoka upesi, wiki tatu tu. Mafungu ya Uswisi yalichelewa, lakini yalipata bei nzuri zaidi. Kazi yote ilichukua miezi kumi na minne, na jumla ya mauzo pamoja na vifaa ilikuwa shilingi 2,120,000. Tulitoa deni la kodi 120,000, ambalo lilirudi kwenye mfuko wetu wa jamii. Tulitoa gharama za mahakama, posho ya kijana, bahasha na posta shilingi 80,000. Zikabaki 1,920,000 za kugawanywa. Familia ni ya Kiislamu, na wazazi wa marehemu walishatangulia, kwa hiyo mgawo ulikuwa hivi. Mjane mwenye watoto ni thumni, shilingi 240,000. Mtoto wa kiume 840,000, na mabinti wawili kila mmoja 420,000. Zile 60,000 za chakula mwenzetu alizirudisha mwenyewe kwa vitumbua vyake, kidogo kidogo, mpaka senti ya mwisho.

Wapo watakaosema, mama amehangaika miezi kumi na minne akapata 240,000 tu? Tunawajibu hivi. Kama angeuza kwa 150,000, fungu lake na la watoto wake karibu lote lingekwisha siku ile kwa mwenye kibanda. Leo binti mdogo ada yake imelipwa kutoka katika haki yake mwenyewe, si kwa kuombaomba. Na mgawo ule haukuacha ugomvi. Msiba unapokwisha na ndugu bado wanasalimiana, hiyo nayo ni faida, ingawa mweka hazina hana safu ya kuiandika.

Kijana yule alinunua vifaa kwa kulipa mara tano, na amekipanga kibanda kile kile. Droo mbili za vipuri vya mchanganyiko hazijauzwa. Warithi wamekubaliana zikae kwake, akichukua kimoja anaandika na kulipa. Kile kioo cha jichoni warithi walisema hakina bei, abaki nacho mama yao.

Akina mama wenzetu, tunaomba mwondoke na haya. Mkirudi nyumbani waulizeni waume zenu kwa lugha nzuri, baba fulani, hiki kilichomo kwenye droo ni nini, kina thamani gani, na cha nani? Si kwamba tunawaombea kifo. Marehemu aliandika kila bahasha kwa mkono wake, na bahasha zile ndizo zilizosomesha mwanawe baada ya yeye kuondoka. Nasi pia tuandike vyetu. Mashine ya kushona, bangili, vitenge vya mkopo, fedha unazomdai jirani. Atakayebaki atajuaje?

Na sisi kama kikundi, mkutano mkuu wa mwaka uliofuata ulipitisha jambo. Mfuko wa jamii sasa unaruhusiwa kumkopesha mwanachama aliyefiwa wakati anangoja mirathi, bila riba, ili asiuze kwa kubanwa. Mpaka leo wenzetu wanne wamefaidika nao, na wote wamerudisha. Tunawaomba wafadhili na rafiki zetu wa mtaa, mkitaka kutuchangia kwa kutimiza miaka kumi, msitununulie fulana wala kofia. Changieni mfuko huo.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatukusoma sana, wengi wetu tuliishia darasa la saba, na wengine hawakufika. Lakini kuhesabu tunajua, kuandika tunajua, na kungoja tumejifunza. Tunaomba Mungu atujalie miaka kumi mingine.

 Sasa tunamkaribisha katibu aendelee na ratiba, na akina mama wa jikoni wanasema chakula kiko tayari.